Machela Moja

Sogeeni karibu. Na mnaocheka huko nyuma mmalize kabisa, maana hadithi hii haina pa kuchekea. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wamenuniana. Mkinuniana leo, msinilaumu mimi.

Palikuwa na timu iliyoitwa Magunia, ya mji mmoja wa mkonge. Iliundwa na wafanyakazi wa kiwanda cha magunia. Kiwanda kikafa, timu ikabaki. Timu hiyo ilisimama juu ya watu watatu. Kipa Semboja, fundi cherehani, alijaliwa mikono: mpira akiugusa, habari yake imekwisha. Beki Mntambo, mkata mkonge, alijaliwa pumzi. Dakika ya tisini unamkuta anakimbia kama ya kwanza. Mshambuliaji Shekidele, mdogo wao, alijaliwa shabaha. Siku nzima haonekani, halafu anapewa mpira mmoja tu na mnarudi nyumbani mnaimba. Msiniulize nani alikuwa bora. Ukimtoa mmoja, timu hakuna.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Kopwe, na huyu alikuwa mtu wa miiko. Mwaka mmoja, ugenini, mchezaji wao aliumia akatolewa kwa machela ya wenyeji, na kabla hajafika hospitali wakawa wamefungwa mawili. Mzee Kopwe akasema basi, kuanzia leo mchezaji wa Magunia hapandi machela ya watu, kwa sababu akitoka nayo anatoka na mechi. Akiumia, abebwe mgongoni na mwenzake. Waamuzi wa kwetu walikwishazoea, wakawa wanatazama pembeni. Naona mnatikisa vichwa. Nyie mna timu zinaruka ukuta kwa kuogopa kurogwa na geti liko wazi, kwa hiyo nyamazeni.

Magunia wakachukua ubingwa wa nchi, wakachukua na wa Afrika. Ndipo wakaalikwa kwenye mashindano ya mabingwa wa mabara yote, huko ng'ambo kwenye baridi. Ni mtoano: ukifungwa, unafunga mizigo. Mechi ya kwanza wakapita. Nusu fainali wakapangiwa mabingwa wa Amerika Kusini, watu wanaocheza mpira kama wameuzaa wao.

Kipindi cha kwanza Semboja aliruka kuokoa shuti la kona ya juu, mkono ukagonga mwamba. Kifundo cha mkono kikalia, ngozi ikachanika. Wenye machela wakaja mbio. Mntambo akainama ambebe mgongoni, mwamuzi akakataa: ni machela, au ucheze.

"Sipandi," Semboja akasema. "Nifungeni kitambaa."

Akafungwa. Muda si mrefu wale jamaa wakapata penalti, na Semboja akaipangua kwa mkono uleule. Waliokuwa karibu na goli wanasema alilia kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Kipindi cha pili mpira ulimpita Semboja, ukawa unaelekea wavuni taratibu. Mntambo akatokea kusikojulikana, akateleza, akautoa kwenye mstari. Goti likabaki nyuma, mwili ukaenda mbele. Machela ikaja. Sasa hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu Mntambo hakuuamini ule mwiko hata siku moja. Alinyoosha mkono ili apandishwe.

"Mntambo," Semboja akamwita kutoka golini, "ukipanda hiyo umetuuza."

Mntambo akaurudisha mkono. Akasimama kwa mguu mmoja, akajikaza, na mpira wa mwisho aliougusa siku ile ulikuwa pasi ndefu, ya kutoka nyuma kabisa hadi miguuni kwa Shekidele.

Zilikuwa dakika za nyongeza. Shekidele akageuka na mpira, beki akamkata kifundo cha mguu wa kulia, akaanguka. Kocha akaita machela. Shekidele akatazama nyuma, akamwona kipa ana kitambaa chekundu kwa damu na beki amesimama kama kuku wa mvua. Akanyanyuka kabla machela haijafika. Mpira ulikuwa bado uko pale, na filimbi haijapulizwa. Akaupiga kwa mguu uleule ulioumia, kwa sababu ndio pekee aliojua kufungia. Moja bila.

Kwetu watu walilala barabarani kwa furaha. Nilikuwepo. Sijawahi kukumbatiwa na watu nisiowajua kama siku ile.

Fainali ilichezwa bila wao, na tukafungwa sita. Wale watatu waliitazama hospitalini, kwenye chumba kimoja. Goli la nne lilipoingia, Shekidele aliomba televisheni izimwe. Hakuna aliyeinuka kuizima, wakaitazama mpaka mwisho.

Kesho yake daktari wa mifupa wa pale alimwita Mzee Kopwe chumbani humo, akaongea kupitia mkalimani. Alisema kanuni za mashindano zinaruhusu mchezaji mmoja tu wa kila timu abaki atibiwe. Wengine warudi na wenzao, ndege ni jioni hiyo. Mifupa ikichelewa itaunga vibaya, na upasuaji wenyewe kwetu haufanyiki. Atakayebaki atapona kabisa. Watakaoondoka, mpira ndio basi, na huenda na kazi zao pia.

Halafu akauliza jambo moja, kwa upole tu: kwa nini waliendelea kucheza? Majeraha yalikuwa madogo. Wangetolewa palepale, kila mmoja angepona kwa kupumzishwa.

Mkalimani alipomaliza kutafsiri, Mzee Kopwe alikaa chini sakafuni, na kiti kilikuwepo.

"Mwenyekiti, nafasi hiyo naitaka mimi," Semboja akasema. "Sindano naishika kwa mkono huu. Na mimi ndiye niliyeanza kuumia, nikawaonyesha njia."

"Njia gani?" Mntambo akamjibu. "Mimi nilikwishanyoosha mkono. Ulinirudisha wewe kwa mdomo wako. Nina watoto, Semboja, nitakata mkonge kwa goti lipi?"

Shekidele akasema, "Mpeni kaka Mntambo." Kisha akajifunika uso kwa shuka. "Nimesema hivyo ili mnionee huruma mnipe mimi. Sina kazi nyingine. Sijaanza hata kuishi."

"Mzee, wewe ndiye uliyetukataza," Mntambo akasema. "Basi chagua."

Mzee Kopwe akalia kama mtoto, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Watu hawa walikuwa wamekula sahani moja miaka yote, na sasa hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akaingia anasukuma machela, nyeupe, safi, ya magurudumu. Akauliza kwa ishara, ni yupi? Na wale watatu walioikataa machela mbele ya dunia nzima wakanyoosha mikono yote mitatu kwa pamoja.

Mimi naishia hapo. Kuna wanaosema Semboja, maana bila penalti ile hakuna kitu. Kuna wanaosema Mntambo, aliyeumia kwa mwiko asiouamini. Mama mmoja alinijibu Shekidele, kisha akalia, kwa sababu alikuwa ndugu yake Mntambo. Mnyamwezi mmoja, mtani wetu, alisema apande Mzee Kopwe, akatibiwe kichwa, na hakuna aliyecheka.

Muuguzi bado amesimama mlangoni, machela ni moja, ndege ni jioni. Haya, wewe uliyekuwa unacheka kule nyuma: unampandisha nani, na hao wawili unawaambia nini?