Pointi Kumi na Mbili Mahali Pamoja

Wapendwa, shusheni pumzi, mkae vizuri. Mama mmoja wa kwaya, sitamtaja maana ananitazama, ameniambia kwamba mifano yangu yote ina mkulima ndani yake. Mkulima alipanda, mkulima alivuna, mkulima akalala shambani. Sawa. Leo mkulima apumzike. Leo nawapa dereva.

Kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa anabeba vifaranga kwenye pikapu. Vifaranga wa siku moja, wale wanaosafirishwa kwenye maboksi yenye matundu. Kila Jumanne na kila Ijumaa aliwachukua mjini, kwenye mashine za kutotolesha, akawapelekea wafugaji wa wilaya ya jirani, safari ya saa tatu. Alikuwa dereva mzuri. Sisemi mzuri kwa kukata kona. Nasema penye hamsini alikwenda hamsini, penye punda alisimama, na watoto wa shule aliwasubiri wavuke hata kabla hawajanyoosha mkono. Wenzake walimwita Bi Harusi, kwa jinsi alivyokwenda taratibu.

Sasa, tuseme katika nchi ya mfano wangu leseni ya udereva ina pointi. Ukivunja sheria hulipi faini ukaondoka unapiga mluzi. Unaandikiwa pointi za adhabu. Ukizidisha mwendo, pointi tatu. Zikifika kumi na mbili, leseni inafungiwa mwaka mzima. Na pointi si kama faini. Faini utaazima kwa shemeji yako, lakini pointi haziazimwi, zinakaa kwenye jina lako. Mmeelewa? Mzee Ngailo, naona wewe umeelewa haraka kuliko wote, tutaongea baadaye.

Basi yule Bi Harusi akaandikiwa tatu. Baada ya miezi miwili, tatu nyingine. Zikawa sita, kisha tisa. Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake: pointi kumi na mbili, fika ofisi ya trafiki na leseni yako. Ana mke, ana watoto watatu, na wote wanne wanakula kwa usukani ule ule. Tajiri wake hangoji mtu mwaka mzima. Vifaranga hawangoji hata siku mbili.

Akaenda. Akamkuta afande mmoja, mama wa makamo, miwani imeshuka puani, faili liko wazi mezani.

"Afande, naomba unionee huruma," dereva akaanza hata kabla ya kukaa. "Vifaranga hawavumilii jua. Nikichelewa wananifia."

"Kwani jua linawaka mahali pamoja tu, baba?"

Dereva akavuta kiti, akakaa.

"Mimi kazi yangu ni kuhesabu," akasema afande. "Zikifika kumi na mbili nagonga muhuri, mtu anakwenda zake. Siulizi mtu habari zake. Lakini hili faili lako limenikalia kichwani tangu juzi. Barabara yako ina kamera sita. Tano hazijawahi kukuona ukizidisha mwendo hata siku moja. Moja imekukamata mara nne. Ile iliyo kati ya daraja na mashine ya kusaga, inayowashwa siku moja moja. Hujui kama ipo?"

"Naijua, afande. Ina hata bango."

"Na madereva wenzako hawakukuwashia taa?"

Desturi hii mnaijua, msijifanye watakatifu. Dereva akitoka kwenye kamera au kwa trafiki, akikutana na mwenzake anayekuja, anamwashia taa mara mbili. Maana yake, ndugu yangu, kaa sawa, mbele kuna watu. Hata madereva wasiojuana. Hata wale waliotukanana stendi asubuhi.

"Waliniwashia, afande," dereva akasema. "Mara zote nne."

"Ukafanya nini?"

"Nikakanyaga mafuta."

Wapendwa, tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo mfano huu uliponishika. Mtu anaogopa kupoteza leseni. Anajua kamera iko wapi. Bango limemwambia, wenzake wamemwambia kwa taa. Njia nzima ni mpole kama bi harusi. Akifika pale, pale tu, anakanyaga. Kwa nini? Ungekuwa wewe ndiye afande ungemwuliza nini? Nasikia mtu kule nyuma anasema pombe. Hapana, huyu hata togwa alikuwa anaiogopa. Mwingine anasema pepo. Ndugu zangu, tumezidi kuwasingizia mapepo, iko siku watatushtaki.

Afande yule alikuwa na akili kuliko sisi. Hakuuliza habari za mwendo. Aliuliza habari za mahali.

"Kati ya daraja na mashine ya kusaga kuna nini?"

"Kuna nyumba."

"Nyumba zipo kila mahali. Ya nani?"

Dereva akakunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Ya kaka yangu," akasema. "Tumbo moja."

Na maneno yakamtoka yote, hapo hapo mbele ya afande asiyemjua, kama inavyotokea kwetu, kwamba siri ya miaka unamwambia mtu uliyemkuta kwenye foleni. Kaka yake ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Mke wa kaka, shemeji yake, ndiye aliyempikia uji, akamfulia sare za shule. Kaka ndiye aliyeuza ng'ombe wake wa pekee ili mdogo wake aende chuo cha udereva. Miaka mitatu iliyopita yule shemeji akafariki. Kaka akapiga simu: "Mdogo wangu, njoo tumzike mama yako." Alisema mama yako, hakusema shemeji yako.

Sasa siku ile ya mazishi dereva alikuwa ameahidi kuendesha gari la maharusi, harusi ya rafiki yake mkubwa, na ahadi ile aliipenda. Akamjibu kaka yake, "Gari limeniharibikia porini, kaka. Zikeni tu." Wakazika. Jumatatu yake kijiji kizima kilikuwa kimeshaona picha kwenye simu: yeye, suti, miwani ya jua, na gari lenye maua.

Mnaguna. Guneni kwa sauti ndogo. Ni nani humu hajawahi kuwa porini na gari bovu?

"Tangu siku ile sijasimama pale," dereva akamwambia afande. "Nyumba iko kando kabisa ya barabara. Kaka anakaa barazani anasuka makapu, na gari langu analijua kwa mlio. Nikifika pale darajani moyo unakuwa mzito, mguu wenyewe unakanyaga. Nataka tu nyumba ile ipite. Bora pointi kuliko macho yake. Na amekasirika kweli, afande. Siku hizi akisikia mlio wa gari langu anasimama, ananirushia mikono. Mara ya mwisho alitaka kunifungia njia, aniaibishe mbele ya watu. Nikamkwepa."

Afande akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hizi picha za kamera umewahi kuziangalia?"

"Za nini, afande? Gari si nalijua?"

Akazitoa zote nne, akazipanga mezani. "Basi usiangalie gari. Angalia pembeni."

Dereva akainama. Picha ya kwanza, gari lake, na pembeni mzee ameketi barazani, kapu magotini, ameinua kichwa. Picha ya pili, mzee amesimama ukingoni mwa barabara, mkono umenyooka mbele. Ya tatu, amevua koti, analipunga. Ya nne ndiyo picha ya siku ile ya kukwepa. Barabarani kumewekwa matawi mabichi, rundo, kisha rundo, kisha rundo. Mzee yuko katikati ya njia.

"Unaona?" dereva akasema. "Analaani."

"Tazama kiganja chake cha kulia."

Kiganja kilikuwa kinatazama chini. Wapendwa, fanyeni hivi, nyoosheni mkono mbele, kiganja chini, kisha kama mnakandamiza unga kwenye debe. Haya, mama wa kwaya na wewe. Barabarani hiyo maana yake nini?

Naam, punguza mwendo!

"Na mkono wa kushoto?" afande akauliza.

Wa kushoto ulikuwa umeelekea juu, kidole kimenyooka kwenye nguzo ya kamera.

"Na matawi barabarani, dereva, chuo ulichosoma walikufundisha ni ya nini?"

Dereva akaivuta ile picha karibu. Mtoto wa darasa la pili anajua matawi barabarani ni ya nini. Ukiyaona unajua mbele kuna hatari, na kwamba kuna mtu amekufikiria, akapanda mlimani na panga akayakata ili usiumie. Mzee yule aliona kile kimwanga cha kamera kikimmulika mdogo wake anapopita. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili akaelewa. Hakuwa na taa ya kumwashia, kwa hiyo akatumia mikono. Mikono iliposhindwa, akatumia koti. Koti liliposhindwa, akapanda mlimani kukata matawi. Miaka mitatu mdogo mtu anamkimbia mtu anayempigania.

Dereva akalia. Mwanaume mzima, kofia usoni, mbele ya meza ya serikali.

Najua mnachongoja sasa. Mnangoja afande achane faili. Hakulichana. Alimsubiri amalize kulia, akavuta muhuri, akagonga. "Mwaka mmoja, baba," akasema kwa upole. "Pole." Akaiweka leseni kwenye droo. Kazi ya vifaranga ikaenda kwa mtu mwingine jioni ile ile, na mke wake akaanza kuuza vitumbua. Sitaki kuwadanganya madhabahuni. Kutubu hakufuti kila kitu kilichoandikwa.

Dereva akapanda lori la mahindi, akashuka darajani, akatembea kwa miguu. Kaka yake hakuinua kichwa, maana hakusikia mlio wowote. Mpaka kivuli kikaangukia kapu.

"Shikamoo, kaka."

Mzee akamtazama, akatazama barabara nyuma yake. "Marahaba. Gari liko wapi?"

"Wamenifungia leseni."

"Si nilikuwa nakuonyesha!" mzee akapiga ukelele, kapu likaanguka. "Nimekuonyesha mpaka mabega yanauma! Wewe mtoto una macho ya nini?"

"Kaka, siku ya msiba sikuwa porini."

"Najua."

"Nilikuwa..."

"Najua ulikokuwa. Iliniuma. Inaniuma mpaka leo, sitakuficha." Mzee akainuka, akajishika kiuno. "Haya, twende kwanza ukamsalimie mama yako kaburini. Yuko nyuma, kwenye migomba. Mengine tutayasema tukirudi."

Wakaenda, mzee mbele, mdogo wake nyuma. Mfano wangu unaishia hapo kwenye migomba, sikuwafuata zaidi.

Sasa sisi. Mimi siulizi una pointi ngapi. Wengi humu tunajihesabia wema kwa kamera tano ambazo hazijawahi kutuona. Sadaka natoa. Ibada sikosi. Jirani namsalimia. Ni kweli, na Mungu anaziona hizo tano. Lakini ile ya sita? Iko nyumba gani ambayo ukiifikia mguu wenyewe unakanyaga? Simu ya nani ikiita unaigeuza kifudifudi? Ni jina gani likitajwa mezani unaomba chumvi? Hapo ndipo penye faili lako, ndugu yangu, wala huhitaji afande kukuonyesha.

Na tena nauliza, maana hili linanishangaza kuliko yote: umejuaje kwamba mkono ule umeinuliwa kukupiga? Uliutazama lini mara ya mwisho? Ukienda mbio huwezi kuona kiganja kimeelekea wapi. Tunamfanyia Mungu hivyo hivyo. Tukiona amenyoosha mkono tunasema tumekwisha, tunaongeza mwendo, kumbe miaka yote anakata matawi na kutuwekea njiani. Ugonjwa ule uliokulaza ukafikiri. Swali la mtoto wako lililokukosesha usingizi. Mengine yale hayakuwa ya kukufungia njia.

Sitasema kwamba kila uliyemkosea atakupokea kama mzee yule. Mwingine atakufungia mlango, na ana haki. Lakini hata huyo, mwendee kwa miguu.

Nimebakiza neno moja, nalo ni langu mwenyewe. Nilipokuwa naandaa mfano huu nilitaka kuwahubiria ninyi. Jana nikagundua kwamba kila Jumapili, nikitoka hapa kwenda nyumbani, nazunguka kwa njia ya zahanati, na nimekuwa nikimwambia mke wangu kwamba ile ya sokoni ina matope. Haina matope. Ina nyumba ya mtu niliyemsema vibaya mbele ya baraza la wazee, miaka minne iliyopita, kwa jambo ambalo hakulifanya. Nilijua kwamba si kweli kabla sijakaa chini, na sikusimama tena kulisahihisha.

Kwa hiyo wazee wa kanisa, leo chai ya ofisini mnywe bila mimi. Napita njia ya sokoni, na gari naliacha hapa.