Zimwi la Macho Mekundu

Hadithi hii nimeletewa na mtu, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Palikuwa na mji wa wachonga vinyago. Kila baada ya mavuno kilichongwa kinyago cha zimwi, kuonyesha uovu wa mwaka ule. Mwaka wa walevi zimwi lilikuwa na tumbo la pipa. Mwaka wa wambea lilikuwa na ulimi wa kufagilia uwanja. Watu walicheka, na wahusika walijijua. Mchongaji aliitwa Chipwaza, na desturi ilitaka aliyeagiza kinyago ndiye akivae kwanza.

Mwaka mmoja watoto wawili walikufa kwa homa, minong'ono ya uchawi ikaanza. Jumbe wa mji akamwita Chipwaza.

"Nataka zimwi kikongwe, macho mekundu. Tutalicheza hadi mlangoni kwa Bibi Somoe, kisha ahame. Macho yake yale mekundu ni ya mchawi."

Chipwaza aliumia moyo. Bibi Somoe ndiye aliyepika katika kila msiba wa mji ule, ameinamia kuni mbichi tangu ujana wake. Nani hakuwahi kula chakula cha mikono yake? Lakini angemtetea kwa maneno, angeambiwa ni mchawi mwenzake.

"Sawa, Jumbe," akasema.

Akachonga, kisha akakitundika kinyago juu ya moshi, kama wachongaji wafanyavyo ili mti usitobolewe na wadudu. Kwa kawaida hufuta masizi ya ndani kabla ya kukikabidhi. Safari hii hakufuta.

Siku ya ngoma Jumbe alikivaa, akacheza kwa madaha, umati nyuma yake, hadi mlangoni kwa Bibi Somoe. Jasho lilimtoka, masizi yakamwingia machoni. Uvumilivu ukamshinda, akakivua.

Ngoma zikanyamaza. Macho ya Jumbe yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Mchawi!" mtu akapiga kelele.

"Acha upuuzi! Ni moshi tu huu!" Jumbe akafoka, huku akijifikicha.

Chipwaza akauliza kwa adabu, "Na ya Bibi Somoe, Jumbe, ni nini?"

Mlango ukafunguka. Bibi Somoe, ambaye alikuwa ameshafunga mzigo wake, alimtazama Jumbe, akarudi ndani, akaja na kata ya maji.

"Nawa, mwanangu," akamwambia. "Najua moshi unavyowasha."

Funzo: Kabla hujamwita mwenzako zimwi, kaa kwanza jikoni kwake, uupulize moto anaoupuliza.