Nyumba ya Pwani, Inunue Kusi

Nyumba ya pwani, inunue kusi.

Mmemsikia shangazi yenu alivyosema, wajukuu zangu, na nimeona mlivyokunja nyuso. Raya anatuonyesha picha za mchumba wake kwenye simu, kijana kavaa miwani ya jua, meno yote nje, na shangazi mtu badala ya kusema mashallah anasema "nyumba ya pwani, inunue kusi," kisha anaendelea kukuna nazi yake. Hakumtukana mtu, Raya. Acha kununa. Leteni hizo kunde hapa tumenye, mikono ifanye kazi wakati masikio yanasikiliza. Msemo huo una wenyewe, na ulizaliwa mtaa huu huu wa Mkadini mnaouringia. Ilikuwa hivi.

Wakati huo Mkadini ndiyo kwanza inapata jina. Sisi tulikuwa hapa siku zote na mikadi yetu na minazi yetu, lakini watu wa mjini wakaja wakasema wameigundua. Haya, tukagunduliwa. Ikafunguliwa mikahawa ya makuti inayouza kikombe kimoja cha kahawa kwa bei ya jogoo. Wakaja vijana wa kukimbia asubuhi na mapema bila kufukuzwa na mtu. Jumamosi na Jumapili magari yalijaa mpaka kwenye makaburi, na kila aliyeshuka alisema maneno yale yale: jamani, nataka nyumba hapa.

Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja anaitwa Atupele. Alikuwa mkunga mjini, amestaafu. Kwao Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na tangu alipoolewa hakupata tena kuishi karibu na maji. Aliishi kwa mumewe milimani, kisha mjini katika nyumba iliyobanwa na nyumba nyingine, dirisha la jikoni likitazama ukuta wa jirani. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, azeekee mahali anaposikia maji.

Mumewe, Lutengano, fundi wa reli mstaafu, alikuwa na ombi lake pia. Yeye ni mtu wa Tukuyu. Huko mvua ni kama mjomba, haibishi hodi na haina siku ya kuondoka. Joto la Dar es Salaam lilikuwa adui yake tangu ujana. Alilala na taulo bichi kifuani, akigeuka huku na huku kama chapati, na asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala. Alitaka kurudi kwao, apande migomba, ajifunike blanketi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida. Baridi ya Tukuyu ilikuwa inamwingia Atupele kwenye magoti mpaka anashindwa kuinuka kitini. Joto la pwani linammaliza Lutengano. Watoto wao wakaanza kunong'ona kwamba baba ataenda milimani, mama atabaki, wazee watagawana sufuria. Atupele aliyasikia maneno hayo akiwa anatandika kitanda, akakaa chini. Alimpenda mzee wake. Hakutaka kugawana naye hata kijiko.

Ndipo dalali mmoja wa hapa, Chande, alipompigia simu. Mnamjua Chande? Hamkumwahi. Mtu wa maneno, angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe. "Mama," akasema, "nyumba ya Bi Mwanakombo inauzwa. Baraza inatazama bahari. Wahini, maana wanaoitaka wamepanga foleni."

Wakaja mwezi wa Januari, kaskazi imetulia. Na nyie mnaijua Mkadini ya kaskazi. Bahari imelala, rangi yake huwezi kuisema ukamaliza, mchanga mweupe, upepo mdogo wa kukufutia jasho. Atupele alivua viatu getini. Alipofika barazani na kuona maji, alicheka kicheko cha msichana, na Lutengano, ambaye shati lilikuwa limemganda mgongoni, akamtazama. Hakuwa amekisikia kicheko kile tangu Kyela.

"Kama umeipenda, mama Ambokile," akamwambia, Ambokile ndiye mtoto wao wa kwanza, "tununue. Mimi nitavumilia."

Atupele alilisikia lile neno, nitavumilia. Lilimchoma, lakini akajifanya hakulisikia. Moyoni alisema, haraka, haraka, kabla hajabadili mawazo.

Mwenye nyumba aliwakaribisha kwa madafu. Bi Mwanakombo alikuwa mwanamke mrefu, kanga zake hazipandi wala hazishuki, na miguu ilishaanza kumkataa, ndiyo maana alikuwa anahamia Tanga kwa mwanawe. Aliwaacha wanywe mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimefurahi kuwaona, wanangu. Karibuni tena kusi."

"Kusi?" Atupele akashtuka. "Bibi, sisi tuko tayari leo."

"Kila mtu yuko tayari leo. Kaskazi ikiwa hivi, nani asiye tayari? Rudini kusi ikivuma na bahari imechafuka, mshinde hapa, mlale. Mkiamka bado mnaitaka, tutaongea."

Chande alishika kichwa. "Bibi wee! Utanifanya nife njaa! Mtu anakupa mkono unamwambia arudi wakati wa mvua?"

"Ukifa njaa nitakuja kukuzika," Bi Mwanakombo akamjibu, kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa ua. Kulikuwa na nyumba kubwa, madirisha yamepigwa mbao, mkadi umeota mlangoni. "Ile ya kaka yangu. Aliiuza siku kama ya leo, kwa watu waliokuwa wanaruka kwa furaha kama wewe, mwanangu. Kusi ya kwanza wakaondoka, hawakurudi. Nyumba isiyolaliwa hufa. Mimi nimezaliwa ndani ya hii, nimezalia ndani ya hii. Sitaki niwe Tanga nasikia na yangu imekufa."

Atupele alimbembeleza, wapi. Alimshika magoti, wapi. Bi Mwanakombo akampapasa mgongo tu akimwambia, "Usilie, mama. Kama ni yako, mvua haitaifuta."

Walirudi mjini. Na Atupele, jamani, hakuwa na raha. Si kwamba aliogopa wanunuzi wengine, Bi Mwanakombo aliwarudisha wote vilevile. Alimwogopa mumewe. Mtu ambaye kaskazi tu, bahari ikiwa inacheka, anasema atavumilia, akiiona kusi atasema nini? Kufika mwezi wa Machi mpwa wa Lutengano akapiga simu kutoka Tukuyu kwamba amempatia shamba, na mzee akaanza kuongea tena habari za migomba, akimkwepa mkewe macho. Atupele akajua safari ya Mkadini ndiyo itakuwa ya mwisho. Alikwenda kwa ajili tu ya kuaga.

Walifika asubuhi moja ya mwezi wa Mei. Masika ilikuwa haijaisha na kusi imeshaingia, vyote viwili pamoja. Lo! Mikahawa imefungwa, viti vimefungiwa minyororo. Wakimbiaji hakuna hata mmoja. Bahari imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, inanguruma, inatupa majani ufukweni marundo kwa marundo, na yale majani yakikaa mnajua yanavyonuka. Barabara ilijaa maji nyuma yao, kwa hiyo hata kugeuza gari haikuwezekana. Ndani ya nyumba ya Bi Mwanakombo paa la bati lilivuja pembe mbili, umeme umekatika, na vitasa vya milango vilikuwa na kutu ya chumvi ambayo kaskazi hakuna aliyeitazama.

Bi Mwanakombo hakuficha kitu. Aliweka ndoo chini ya mivujo akasema, "Karibuni, hii ndiyo yenyewe," akaenda zake jikoni.

Atupele alisimama dirishani. Wimbi lilipiga chini ya ukuta mpaka sakafu ikaitika. Na hapo, yeye mwenyewe, mtoto wa maji, akaogopa. Ziwa la kwao alilijua hasira zake, lakini hii hakuijua. Aliona haya. Miezi yote ile alikuwa amemhofia mumewe, kumbe anayetetemeka ni yeye. Akageuka amwambie twende, tusubiri garini barabara ikauke, umeshinda wewe, baba Ambokile.

Lutengano hakuwepo.

Alimwita, kimya. Akaangalia uani, hayupo. Barazani, hayupo. Akafikiri mzee amekasirika ameondoka kwa miguu katika mvua ile. Ndipo aliposikia mkoromo.

Ulitoka chumba cha nyuma. Lutengano alikuwa amejilaza juu ya mkeka, amejifunika shuka la Bi Mwanakombo mpaka kidevuni, mikono kifuani, mdomo wazi. Mvua inapiga bati juu yake, yeye anakoroma. Atupele akakaa pembeni yake akamtazama. Tangu wahamie mjini hakuwa amemwona amelala mchana, wala hakuwa amemwona amelala hivyo hata usiku. Uso umelainika, umerudi kuwa wa yule kijana aliyemfuata Kyela na viatu vya kuazima. Hakumwamsha. Alikaa pale mpaka adhuhuri ikapita.

Mzee akafumbua macho. Alisikiliza bati. Kisha akasema taratibu, kwa lugha ya kwao, kama mtu anayeshukuru kwa chakula, "Ndaga fijo."

"Unamshukuru nani?" mkewe akamwuliza.

"Mama Ambokile, mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia nini?"

"Kwamba huku kuna Tukuyu!" Akaketi. "Sikiliza. Hiyo ndiyo mvua ya kwetu. Na baridi hii! Umeona nimejifunika? Mimi, pwani, nimejifunika!"

Atupele akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Baba Ambokile, mimi ndiyo naogopa sasa. Nilikuwa nakuja kukuambia tuondoke. Bahari hii siijui. Inanuka, inapiga kelele, nyumba inavuja."

Lutengano akamshika mkono. "Ulipokuja kwetu kuolewa, ulikuja msimu gani?"

"Wa matope."

"Ulilia wiki nzima kwa baridi. Gari lilikwama, ukaingia kwa mama yangu umebeba viatu mkononi. Mbona hukurudi kwenu?"

Atupele akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nilikuwa nimeshakuona wewe."

"Basi. Na hii umeshaiona. Kuvuja ni kazi yangu, mimi ni fundi. Kaskazi iwe yako, na kusi iwe yangu. Mwenye msimu wake amchukue mwenzake mgongoni."

Akaomba mwavuli. Bi Mwanakombo, aliyekuwa mlangoni na birika la chai ya tangawizi, na ambaye alikuwa amesikia kila kitu na hajali nani anajua, akamwuliza anakwenda wapi katika mvua ile. "Nyuma ya nyumba," Lutengano akasema. "Bibi, pale penye kinga ya ukuta, ndizi zinakubali?"

Bi Mwanakombo akaliweka birika chini. "Sijui, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya nyuma ya nyumba. Wote huuliza mbele."

Asubuhi iliyofuata, kabla hata uji haujaiva, akawapa funguo zote, na ule wa kabati bovu asilolifungua mtu. Hati zikafuata baadaye kwa njia zake. Alipoondoka kwenda Tanga hakugeuka nyuma kutazama, na mtu hageuki nyuma akiwa amemwacha mtoto mikononi mwa anayempenda.

Na msemo? Uliletwa na Chande, kwa hasira. Siku zote za kusubiri alikuwa anapita kwa madalali wenzake akimwigiza Bi Mwanakombo, anabana pua, anajishika kiuno: "Nyumba ya pwani, inunue kusiii!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini mwaka ule ule nyumba tatu nyingine zilizonunuliwa kaskazi zikafungwa mbao, na ile ya Bi Mwanakombo ikawa inawaka taa. Kicheko kikaisha, maneno yakabaki. Mafundi wakayachukua, wauza samaki wakayachukua, mwisho wakayachukua wanawake, na mnajua wanawake wakichukua neno halikai kwenye nyumba tena. Linahamia kwenye posa.

Unanikodolea macho, Raya. Ile nyumba yenye migomba nyuma, ambayo wageni husimama kuipiga picha wakishangaa nani kapanda ndizi ufukweni, ulifikiri ya nani? Yule mzee anayekaa barazani kusi na blanketi, akitabasamu peke yake, na mkewe anayemletea chai akilalamikia mawimbi na haondoki, ndio hao.

Basi mimi simsemi vibaya huyo kijana wako. Picha nimeziona, mzuri, mashallah. Ila hizo zote ni kaskazi, mjukuu wangu. Ulishamwona ana homa? Ulishamwona amenyimwa alichotaka? Na yeye je, ameshakuona wewe ukinuna kama ulivyonuna leo asubuhi mpaka tukakukimbia jikoni?

Ameshakuona? Na akacheka, akakusubiri umalize?

Ehe. Hilo ndilo ungemwambia shangazi yako kwanza, kabla ya kumwonyesha miwani. Mwambie aje basi, na aje mwezi huu huu mvua ikinyesha, tumpe ndoo ashike mivujo. Nyumba ya pwani, inunue kusi.