Chombo Chenye Akili cha Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na nyua zao, mabomba yao na majirani wa kuwaudhi, ulikuja ukame uliomchosha kila mwenye ngozi. Sogeeni, wanangu, lakini msisukumane. Hadithi hii ni ya mama mmoja aliyechoka, na wachovu hawapendi kelele.

Mama huyo ni Bi Chura. Watoto wake, viluwiluwi, walikuwa katika kidimbwi cha mwisho kilichobaki kando ya njia. Asubuhi kidimbwi kilikuwa na upana wa sinia. Jioni kikawa na upana wa sahani. Viluwiluwi wakaanza kugongana vichwa, kila mmoja akimwambia mwenzake asogee, na pa kusogea hapakuwapo.

Bi Chura akajikokota mpaka kwa Bwana Kifaru. Kifaru alikuwa na tangi kubwa la maji, na bustani ya mchicha, bamia na nyanya. Koki ya tangi lake ilikuwa ikivuja, tii, tii, tii, maji yakizama mchangani bure.

"Shikamoo, Mzee," alisema Bi Chura.

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mwenyewe simwoni." Kifaru, kama mjuavyo, macho yake si ya kutegemea.

"Ni mimi Bi Chura, jirani yako. Niko hapa chini. Mzee, nina watoto, na kidimbwi chetu kinakauka. Naomba utuachie hapo chini ya koki, panapovuja. Nami nitakutunzia bustani. Tumbo langu hujua udongo wenye kiu na udongo ulioshiba."

Kifaru akacheka hadi masikio yakamtikisika. "Nikikupa wewe leo, kesho atakuja konokono na ukoo wake. Halafu mambo ya kupima udongo kwa tumbo yamepitwa na wakati, bibi. Mimi nanunua chombo chenye akili. Kinafungua maji chenyewe, kinafunga chenyewe. Tembo naye anakitaka, na mimi sikubali kutanguliwa na Tembo."

"Hata hapo pembeni tu, Mzee?"

"Ng'o."

Bi Chura hakubishana. Alikwisha kubisha milango mingi katika ukame ule, na alijua kwamba ng'o ya mwenye tangi haina dawa. Hasira alikuwa nayo, tena kubwa, ila hakuwa na nguvu za kuibeba.

Njiani akapumzika nyuma ya duka la Kindi, kwa kuwa palikuwa na kivuli cha mtungi. Kindi alikuwa fundi na mchuuzi wa vyombo vya bustani, mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi. Bi Chura hajafumba macho vizuri, ardhi ikaanza kutetemeka, tu, tu, tu. Kifaru huyo, kaja kununua.

"Nionyeshe vyombo vyenye akili," alisema.

"Karibu, Mzee. Hiki cha kwanza kinafuata saa. Ukikiambia alfajiri, kinafungua maji alfajiri. Ukikiambia jioni, jioni. Hakichelewi."

Sasa, Kifaru alikuwa na namna yake ya kuchagua vitu. Kwa kuwa macho hayakumsaidia, alikitia kila kitu juu ya pembe ya pua, akakiinua kukisikia uzito. Kizito ndicho kizuri. Hata mke wake alimchagua hivyo hivyo, na alikuwa akiwasimulia wageni bila aibu, mkewe akisikia.

"Chepesi mno," alisema. "Akili gani inakaa kwenye kitu chepesi hivi? Haya, nitakijaribu."

Akakijaribu. Chombo kile hakikuchelewa kweli. Kilifungua maji kwa saa yake, udongo uwe umelowa, uwe umepasuka, chenyewe hakikujali. Nyanya za bondeni zikaoza mizizi. Bamia za kichangani zikakauka zimesimama. Kifaru akakirudisha.

"Basi chukua hiki," alisema Kindi. "Hiki hakifuati saa, kinatazama mbingu. Kikiona mawingu, kinajua mvua inakuja, kinafunga maji yasipotee."

Kifaru akakipima kwa pembe. "Afadhali kidogo," akasema, akaondoka nacho.

Lakini mawingu ya ukame ni waongo wakubwa. Kila asubuhi yalitanda, chombo kikayaamini, kikafunga. Kila adhuhuri yakapita bila hata tone. Mchicha ukalala chini.

Kifaru akarudi dukani akiwa amefura. "Kindi! Nimeshamwambia Tembo kwamba mwezi ukiandama aje na mkewe kuona bustani yangu na chombo changu. Niletee kinachofaa kabla jua halijazama. La sivyo nitapita humu dukani, na sitapitia mlangoni."

Akaenda zake, tu, tu, tu. Kindi akakaa chini na kushika kichwa.

"Ndugu yangu Kindi," ilisema sauti ya uchovu kutoka nyuma ya mtungi, "unalo sanduku tupu la mbao?"

"Ninalo. La nini?"

"Nitobolee tundu kubwa chini na dogo juu. Weka chungu cha maji ndani. Funga kamba, mwisho mmoja uwe ndani ya sanduku, mwisho wa pili ukafungwe kwenye koki ya Kifaru. Watoto wangu watakaa chunguni, nami nitavuta kamba."

Kindi akainama nyuma ya mtungi. "Yaani akili ya chombo iwe wewe?"

"Nani mwingine?"

"Akikuona je?"

"Kwa macho gani?"

"Lakini mama, bustani nzima ile, asubuhi mpaka jioni, peke yako. Utaweza? Mbona umechoka hivyo?"

"Kuchoka nimeshachoka, ndugu yangu. Bora nichoke watoto wakiwa majini."

Wakaenda haraka kuwachota viluwiluwi. Kidimbwi kilikuwa kimebaki na upana wa kisosi, na wale wadogo walikuwa wamenyamaza, jambo ambalo lilimtisha mama yao kuliko kelele zote walizowahi kupiga. Walipotiwa chunguni, chwaa, wakaanza tena kugombana. Bi Chura akashukuru.

Jua lilipokuwa likishuka, Kindi akamfikishia Kifaru sanduku lile kwa mkokoteni. Kifaru akalitia pembe, akainua. Shingo ikamkaza.

"Mmh. Hiki sasa ndicho."

"Akili nyingi, Mzee," alisema Kindi.

"Mbona ndani kinafanya chwa, chwa?"

"Ndiyo akili yenyewe hiyo. Imetoka safari, bado haijatulia. Ila kina masharti. Kikae kivulini. Kila asubuhi kimiminiwe maji kwenye tundu la juu. Kipanguswe kwa kitambaa kilicholowa. Kisipigiwe kelele, na kifuniko kisifunguliwe kabisa."

Kindi alidhani ametaja mengi kupita kiasi. Kumbe Kifaru alifurahi. "Kitu cha maana lazima kiwe na masharti," alisema, na papo hapo akaanza kukijengea kibanda cha makuti kando ya tangi. Kindi naye akafunga kamba kwenye koki.

Kesho yake mchana Bi Chura alikuwa ndani, kamba mkononi, akisikiliza. Akamsikia Kifaru akiwaambia wanawe, "Pole pole nyie, msikimbie hapa, mtakisumbua." Akamsikia akimwita mkewe, "Mama watoto, hebu lete kile kitambaa laini. Na kiloweke vizuri, jua ni kali." Kitambaa kikapita juu ya sanduku, swaa, swaa, ubaridi ukaingia mbaoni mpaka mgongoni mwake. Alikuwa hajapata ubaridi kama ule tangu ukame uanze. Ilimuuma. Aliposimama mbele ya mzee yule kwa miguu yake mwenyewe, hakupewa hata pale panapovuja.

Akafanya kazi. Kifaru akienda kulala, Bi Chura alitoka kwa tundu la chini, akaenda kuweka tumbo lake kwenye tuta la mchicha, la bamia, la nyanya. Hapa pana kiu. Hapa pameshiba. Hapa patangoja. Kisha alirudi, akageuza mpira wa kumwagilia uelekee panapotakiwa, akavuta kamba, chururuu, akaachia. Mchicha ukainuka. Bamia zikatoa maua. Nyanya zikaanza kuwa nyekundu.

"Kinajua," Kifaru aliwaambia wote waliopita njiani. "Hiki hakikisii. Kinajua."

Siku moja ya joto kali Bi Chura hakuweza tena. Kamba ilimponyoka, akalala ubavu karibu na chungu, na bustani ikabaki kavu mchana kutwa. Kifaru akakimbia kwa Kindi, jasho likimtoka.

"Chombo kimegoma."

"Hakijagoma, Mzee. Kimechoka. Kinatakiwa kupumzika jua likiwa kali, na usiku kisiguswe."

"Ah, kumbe. Mbona hukuniambia? Kazi yote ile, lazima kipumzike." Akarudi nyumbani akakaa mbele ya kibanda mchana wote, akiwafukuza nzi ili wasikisumbue. Bi Chura akalala usingizi wa kwanza tangu ukame uanze.

Lakini watoto hawakai watoto. Viluwiluwi wakaota miguu ya nyuma, wakaota ya mbele, mikia ikaisha. Chungu kikawa kidogo.

"Mama, tunatoka lini?"

"Nyamazeni."

"Mama, kaka ananikanyaga."

"Nyamazeni, wanangu, nawaomba."

Mwezi ukaandama. Kifaru akaamka mapema, akafagia uwanja, akachukua kitambaa akipanguse chombo kabla Tembo hajafika. Sasa, wale watoto walikuwa wamegundua asubuhi ile ile kwamba wana sauti. Mmoja akajaribu, kro. Wa pili akamjibu, kro kro. Halafu wote.

Kifaru akaweka sikio. "Kinaumwa," alisema kwa hofu ya kweli. "Kinakoroma." Akasahau masharti yote, akang'oa kifuniko.

Pwaa, pwaa, pwaa. Vyura wadogo wakamrukia usoni, mmoja akatua juu ya pembe. Macho mabovu ni mabovu, ila chura aliyekaa puani hata Kifaru anamwona.

"Nani huyu? Akili iko wapi?"

"Ni mimi, Mzee," alisema Bi Chura, akitoka kwa tundu la chini. "Akili ndiyo mimi."

Kifaru akapumua kwa nguvu, vumbi likaruka. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya, kweli. Nilianza na ukweli, hukuutaka." Bi Chura alizungumza polepole, kwa kuwa hakuwa na haja tena ya kujificha, wala nguvu. "Nilikuomba panapovuja, ukaniambia ng'o. Nikaingia sandukuni, ukanijengea kivuli. Ukanipangusa. Ukanifukuzia nzi nilale. Mimi ni yule yule, Mzee. Sikuongeza kitu ila kifuniko."

Kifaru akainua mguu. Mguu ule ukasimama juu ya Bi Chura, mpana, ukimfunika kivuli chote. Angeweza kuruka. Alitazama watoto wake wakiwa wametapakaa miguuni pa Kifaru, akabaki pale alipo.

"Hodi, hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya Tembo, langoni. "Jirani, tumefika. Tumekuja kukiona hicho chombo chako."

Mguu ukabaki hewani. Kifaru hakuwa mwepesi wa kufikiri, lakini hili alilifikiri upesi. Akikanyaga, chombo hakuna. Asipokanyaga, Tembo atakuta sanduku wazi, naye ataueleza msitu mzima kwamba Kifaru amekuwa akimpepea chura. Akaushusha mguu taratibu, kando.

"Ingia ndani," alinong'ona.

"Siingii."

"Ingia, bibi. Wanakuja."

"Waje."

"Nakuomba." Neno hilo lilimtoka kwa shida, maana lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwake.

Bi Chura akaketi. "Watoto wangu watakaa chini ya koki, waziwazi, na asiwaguse mtu. Ukame uishe au usiishe, pale ni kwao. Mimi nitafanya kazi asubuhi na jioni. Mchana na usiku nalala."

"Haya."

"Waite wanao uwaambie sasa hivi, nikisikia."

Kifaru akawaita wanawe, akawaambia. Tembo alikuwa ameshaanza kusukuma lango. Bi Chura akapanda sandukuni bila haraka, akashika kamba.

"Funika vizuri," alisema. "Upande huu unaingiza jua."

Kifaru akafunika vizuri.

Tembo akaingia na mkewe, wakazunguka bustani, wakashika bamia, wakaonja nyanya. Tembo akakiinua chombo kwa mkonga, akaguna. "Kizito. Na kinajuaje kama udongo una kiu?"

"Kina akili," alisema Kifaru, akitazama pengine.

"Nami nitaagiza cha namna hii. Kule kwangu nimechoka na vyura. Kila siku wanabisha, eti niwape maji wanitunzie bustani. Hebu fikiri, jirani. Nimkabidhi chura bustani?"

Kifaru akakohoa, akakohoa tena, akasema chai iko tayari.

Jioni Kindi akaja, akainamia tundu la juu. "Bi Chura, Tembo ameagiza chombo. Unaye ndugu yeyote?"

"Ninao dada, na wote wana watoto," alijibu Bi Chura, usingizi ukimchukua. "Waambie waje. Ila mwambie Tembo masharti yameongezeka."

Basi wanangu, jueni hili: mwenye kiburi halisikii ombi la mnyonge mpaka alinunue likiwa ndani ya sanduku.