Kwa Nini Kete za Bao Zote Hufanana

Sogeeni karibu, na anayetafuna muwa akateme makapi huko nje. Leo nitawaeleza kwa nini kete za bao zote hufanana, maana nimemwona mtu hapa amezipaka zake chokaa, akadhani amebuni jambo.

Zamani hizo bao halikuwapo. Palikuwa na vijiji viwili, Kitope na Mwangani, na katikati yake kijito ambacho mbuzi hukiruka bila kulowa. Kila mwaka kabla ya kupanda, vijiji hivyo vilipigania bonde, na aliyetekwa alihesabiwa amekufa. Hata jina lake halikutajwa tena. Ndiyo desturi waliyoishika, watu wazima na ndevu zao!

Pale Kitope aliishi Siwema, mjane aliyechonga vinu kwa tezo la marehemu mumewe. Binti yake mkubwa, Jokha, alitekwa na watu wa Mwangani akiwa shambani anafukuza ndege kwenye mtama. Wazee wakamwambia mama anyoe nywele, amlilie siku tatu, yaishe. Kunyoa alinyoa. Kulia hakulia, kwa sababu asubuhi alimwona mwanawe ng'ambo ya kijito, anachota maji. Utamliliaje maiti anayechota maji?

Wadogo zake Jokha, pacha Kidawa na Mbwana, walikataa kula. Ili awatulize, Siwema alichimba vishimo uani kwa ncha ya mchi, safu mbili zao na safu mbili zake, akatia mbegu za mkomwe. Mbwana akadai kishimo kimoja kila upande kiwe cha mraba.

"Hiyo nyumba, mama. Nyumba yetu si duara kama vinu vyako."

Basi kikawa mraba. Mbegu za watoto wakazipaka masizi, za mama wakazipaka ngeu nyekundu. Wakaanza kuzitembeza shimo kwa shimo, moja moja, kama mtu anayepanda. Mbegu yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye nyingine, unazila za mwenzako zilizo mkabala.

Siwema alipokula kwa mara ya kwanza, alikula mbegu moja, akaitupa mavumbini. Kidawa akaangua kilio.

"Mbona unaitupa? Jokha hakutupwa! Yuko kule, anawachotea maji!"

Loo! Mtoto wa miaka sita alikuwa amesema neno ambalo wazee hawakuthubutu kulisema. Siwema akaitafuta ile mbegu kwa mikono miwili, akaipanda upande wake. Hawakukaa sana, Kidawa akaila, ikarudi kwao. Siku hiyo pacha walimaliza ugali wote, wakakwangua na sufuria.

Siwema akachonga mashimo yale kwenye gogo la mninga, akalipeleka ukingoni mwa kijito siku ambayo vijiji vilikuja na marungu. Akamwita jumbe wa Mwangani, Mwinyikondo.

"Jumbe, kaa tucheze. Atakayeshinda achukue kilicho chake, aende."

Mwinyikondo alicheka, lakini akakaa. Watu wakaweka marungu chini ili wachungulie vizuri. Walicheza siku tatu, pakasikika mlio wa mbegu tu. Siku ya tatu Siwema akashindwa. Maskini mama wa watu, roho ilimpasuka, akaona amemzika mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.

"Haya, nachukua kilicho changu," alisema Mwinyikondo, akainamia gogo kuokota mbegu zake.

Lakini masizi na ngeu, kwa jasho la vidole siku tatu, vilikuwa vimefutika. Akageuza mbegu moja, akageuza ya pili. Zote zilikuwa kijivu kilekile.

"Siwema, zangu zipi?"

"Zako nimezipanda kwangu, Jumbe, na zangu umezipanda kwako. Chagua wewe."

Hakuweza. Akainua macho, akaona watoto wa vijiji vyote viwili wamechuchumaa kulizunguka gogo, vumbi lilelile mpaka kwenye kope. Jokha alikuwa katikati ya pacha, na mapajani mwake amelala mjukuu wa Mwinyikondo mwenyewe, ambaye Jokha alimlea tangu atekwe. Yule mzee akaziacha mbegu.

"Binti, nenda kwenu," akasema.

"Jokha!" mama yake akapaza sauti. "Jokha wangu!" Kitope nzima ikaliitikia jina lile, wazee nao, huku machozi yakiwatoka.

Jokha aliposimama, yule mjukuu akaamka, akamng'ang'ania na kulia hata ikabidi ambebe mgongoni. Jioni Mwinyikondo akavuka kijito kumfuata mjukuu wake, bila rungu, akakaribishwa chakula nyumbani kwa Siwema.

Na tangu siku hiyo kete za bao hazipakwi rangi, na kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Hupandwa upande wa aliyeila, ikingoja kurudi kwao.

Basi wewe uliyezipaka chokaa, maji yapo mtungini. Kazioshe.