Gari Lililomkataa Nambike

Mmeshiba ndipo mnanikumbuka. Wakati wa kuchambua maharage kila mmoja alikuwa na kichwa kinamuuma, sasa vichwa vimepona mnataka hadithi. Haya. Nitasema mara moja tu, na atakayeniuliza lile gari lilikuwa aina gani nitamfukuza. Mimi magari siyajui kwa majina, nayajua kwa kelele zake.

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, zamani ya majuzi tu, huko milimani Upare kulikuwa na kijiji kilichokaa bondeni kama ugali ndani ya sufuria. Ukitaka kwenda sokoni, lazima upande. Ukitaka kwenda hospitali, lazima upande. Mpando wenyewe uliitwa Ikongwe, na gari lilikuwa moja tu, pikapu ya Senzighe.

Senzighe alikuwa mtu wa adabu. Adabu mpaka inachosha. Hakumpita mtu bila salamu, na salamu zake hazikuwa za mkato: ataulizia watoto, ataulizia mbuzi, ataulizia na jirani aliyehama. Tena aliulizia hayo yote katikati ya mpando, gari limesimama kwenye mwinuko, halipandi, halishuki, kama limefungwa kamba. Breki ya mkono hakuvuta. Breki ya mguu hakukanyaga. Aliichezea klachi tu kwa mguu wake, nusu juu nusu chini, na watu wakamsifu kwamba Senzighe gari analijua.

Katikati ya mpando huo ndipo alipokaa Nambike. Mjane, na mguu mmoja una kidonda kisichotaka kupona. Kila wiki ilibidi aende hospitali kusafishwa. Kwa miguu hawezi. Daktari alimwambia wazi kwamba akiacha kuja, mguu utakatwa.

Basi siku moja Senzighe akasimama kwa Nambike.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka."

"Mguu?"

"Upo."

"Na wale kuku?"

"Kuku hawana neno, baba. Mmoja tu ndiye anayekula mayai yake."

"Anakula mayai yake? Tangu lini?"

Wakamzungumzia kuku yule mpaka abiria wa nyuma wakaanza kukohoa. Nambike akapanda. Senzighe akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, gari halikupanda. Akaongeza mafuta, injini ikaongeza kelele, gari likatambaa kidogo, likagoma. Abiria wakashuka, wakabishana weee, wakarudi, wakasukuma, likapanda.

Wiki iliyofuata, Senzighe akasimama kwa Nambike. Salamu. Kuku. Nambike akapanda. Injini ikapiga kelele, gari halikupanda. Wakashuka, wakabishana, wakasukuma, likapanda.

Wiki nyingine tena, salamu, kuku, Nambike akapanda, injini ikapiga kelele, gari halikupanda. Safari hii hakuna aliyebishana. Walimtazama Nambike tu. Wakamwambia ashuke yeye peke yake, wakakaa wakamjadili kwa sauti ya chini, na walipomaliza kumjadili Senzighe akajaribu tena, gari likapanda. Bila yeye.

Ikawa basi. Wakasema Nambike ana nuksi. Watoto wakaanza kukimbia wakimwona. Kidonda kikaanza kunuka.

Senzighe akawaita watu kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, maana ndipo penye tambarare, akasema mbele ya wote, kwa adabu zake zile zile, "Mama Nambike, wewe ni mzazi wangu. Lakini gari limekukataa. Nuksi uliyo nayo si kosa lako, ila mimi sitakupakia tena."

Nambike akasema, "Limenikataa gari au umenikataa wewe?"

Hapo akasimama Mwanaidi. Huyu ni wifi yake Nambike, na kwa kawaida hawapendani, kwa hiyo hakusema kwa mapenzi. Akasema, "Mimi hukaa nyuma kila safari. Harufu ya kuungua inaanza wakati Senzighe anasalimia, wifi bado yuko chini. Hajapanda hata kidole. Harufu kama mtu kachoma kandambili."

Watu wakacheka. Mmoja akamuuliza kama nuksi hunuka kandambili au viatu vya ngozi. Mwanaidi akasema, "Chekeni. Pua ni yangu."

Akasimama Mzee Kiangi, mwenye mashine ya kusaga. Akasema, "Mimi ninakaa hapa chini ninalisikia gari likipanda Ikongwe. Injini inalia kama inakimbia, gari haliendi. Mashine yangu hufanya hivyo mkanda ukiteleza. Injini inazunguka, jiwe halisagi. Ndani ya gari lako kuna kitu kinachoteleza, Senzighe."

"Mzee wangu," akasema Senzighe, "gari si mashine ya unga."

"Na mwanamke si mkanda," akasema Mzee Kiangi. "Lakini wewe umempa lawama za mkanda."

Hapo ndipo akasimama Eliwaza, binti wa Senzighe mwenyewe. Alikuwa amekuja kusalimia tu kutoka Moshi, na huko Moshi alikuwa akiendesha lori la mtu. Akanyoosha mkono. "Baba, naomba ufunguo."

Senzighe akampa. Angemnyimaje mbele za watu?

Eliwaza akamwambia Nambike, "Mama, kaa kule kwenye baraza ya mashine. Mbali kabisa, asije mtu akasema umeligusa." Nambike akachechemea akaenda. Kisha binti akaliwasha gari, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akaweka gia ya tatu, akasema dirishani, "Sasa ninakanyaga mafuta kidogo, ninaachia klachi. Gari limezuiwa, haliwezi kwenda. Kama klachi ni nzima, injini itazimika hapa hapa. Kama haizimiki, klachi inateleza."

Akaachia klachi.

Injini haikuzimika. Ilinguruma tu, gari limesimama, na ile harufu ya kandambili ikatoka ikawaingia wote puani. Mwanaidi akawatazama, mmoja mmoja.

Eliwaza akazima. Akaeleza kwamba mle ndani kuna sahani zinazobanana, moja inashikwa na injini, nyingine na magurudumu. Ukikanyaga klachi mpaka chini zinaachana. Ukikanyaga nusu zinasuguana, na zikisuguana sana zinaungua na kwisha. Klachi ikipata moto inateleza, ikipoa inashika tena kidogo. "Ndiyo maana mkishuka mkabishana linapanda," akasema. "Si mama huyu. Ni kupoa." Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, ukisalimia mpandoni, mguu wako unakuwa wapi?"

Senzighe akasema, "Sasa nimpite mtu mzima bila salamu?"

Kule barazani Nambike akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe kilichotaka kunikata mguu ni habari za kuku," akasema, na wale wale waliomkimbia wakacheka naye, maana walikuwa wametuliwa mzigo na wao. Mama mmoja akaenda akamkalisha, akamletea maji.

Kijijini kwao, ukimwita mtu nuksi mbele za watu na isiwe kweli, unamlipa kondoo dume. Baada ya siku chache Senzighe akamleta kondoo, mnene, mkia wake umejaa mafuta kama mto wa kulalia. Nambike akasema nyama ni ya wote, lakini mkia utaliwa na aliyemwokoa. Ndipo ugomvi ukaanza.

Mwanaidi akasema, "Ni wangu. Nyote mlisema nuksi, mimi nikasema moto. Nilichekwa peke yangu. Nisingefungua mdomo, nani angefungua?"

Mzee Kiangi akasema, "Hata choo kinanuka, na hakuna anayejua kina shida gani. Wewe ulinusa. Mimi nilisema ni nini, bila kuligusa gari, kwa sikio."

Eliwaza akasema, "Mmoja alinusa, mmoja alidhani, na baba hakumwamini hata mmoja wenu, bado angemwacha mama huyu njiani. Mimi nilionyesha. Tena niliyemwonyesha ni baba yangu mzazi. Nyinyi mlirudi nyumbani mkala. Mimi tangu siku ile hajaniita mwanangu."

Nambike akawatazama. "Kondoo huyu angekuwa na mikia mitatu msingenisumbua," akasema.

Senzighe alilipa yule kondoo. Alilipa na klachi mpya. Na juu ya hayo walimpa adhabu iliyomuuma kuliko zote: kupanda Ikongwe amefunga mdomo, na akitaka habari za kuku aegeshe gari kule juu tambarare, arudi kwa miguu kumsalimia Nambike mlangoni kwake. Alifanya hivyo kila wiki, jasho linamtoka, kisha akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, akampakia.

Lakini siku ile kondoo alikuwa ameshachinjwa, nyama imegawanywa, mkia uko juu ya jani la mgomba, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Sasa nyie wenye vichwa vilivyopona, niambieni: Mwanaidi aliyenusa, Kiangi aliyesikia, au Eliwaza aliyemwaibisha baba yake, nani alistahili ule mkia?