Bi Sange na Uwanja Usiofagiwa

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wangali wakijenga nyumba na kupigiana hodi, aliishi Mzee Nyati, na Mzee Nyati alikuwa na ugonjwa mmoja tu: usafi. Nisikilizeni vizuri, sisemi usafi ni mbaya, msije mkaacha kuoga mkanisingizia mimi.

Kila asubuhi ufagio wake wa njukuti, vile vijiti vya makuti, uliimba uwanjani: chwa, chwa, chwa! Jani likianguka, analizoa. Nyasi zikichungulia, anazing'oa. Panzi akiruka, anafukuzwa mpaka nje ya ua. Uwanja ukabaki mtupu, unang'aa kama kichwa kilichonyolewa. Kila masika mvua iliondoka na udongo kidogo, hata mizizi ya mkungu, mti pekee uliokuwa hapo, ikabaki nje. Maji nayo yaliingia moja kwa moja hadi chumbani. Mzee Nyati aliyachota kwa ndoo, akayamwaga, akafagia tena.

Nje ya ua huo aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo, karibu na panya kwa umbo, mwenye pua ndefu isiyotulia na miguu myembamba yenye mbio za ajabu. Hulala chini ya majani makavu, na humo humo hutafuta chakula chake. Sasa mwaka huo moto uliteketeza kichaka chote, na Bi Sange alikuwa mjamzito, tena siku zake zimekaribia. Juu angani kipanga alikuwa akizunguka, macho kwenye ardhi iliyo wazi. Azalie wapi maskini? Majani yaliyobaki yalikuwa ya mkungu wa Mzee Nyati tu.

Akaenda kuomba kiungwana. Akaamkia, akaeleza shida yake, akaomba aachiwe majani ya pembe moja tu ya uwanja. Mzee Nyati alimwonea huruma kweli, lakini akatikisa kichwa.

"Binti yangu, jani moja likilala hapa, kesho Kifaru atatangaza mtaa mzima kwamba Nyati siku hizi hafagii. Uso wangu nitauweka wapi?"

Bi Sange akatoka analia. Alipochoka kulia akaanza kufikiri. Alijua kwamba Mzee Nyati alishika mila kuliko kitu chochote, na mila ya huko ilikuwa hivi: mgeni akiondoka kwako kwenda safari, hufagii nyuma yake mpaka zije salamu kwamba amefika. Ukifagia, umeifagia bahati yake, na likimpata jambo njiani, lawama ni yako.

Asubuhi iliyofuata akapiga hodi, kifurushi mgongoni. Mzee Nyati akamkaribisha, akampa uji wa moto, maana kwa ukarimu hakuwa na mpinzani. Bi Sange akanywa, akashukuru, akasema anakwenda kuzalia kwa shangazi yake, kule nyuma ya milima.

"Na hali hiyo?"

"Ndiyo, Mzee. Nitakwenda polepole. Niombee."

"Nenda salama, binti yangu. Ufagio siugusi mpaka nisikie umefika."

Bi Sange akatoka langoni, akazunguka ua, akapenya kwenye tundu nyuma ya nyumba, fyuu, akajilaza chini ya majani ya kwanza yaliyoanguka. Kwa shangazi kwenyewe ndiko huko.

Siku zikapita, salamu haziji. Majani yakaanguka juu ya majani. Kila asubuhi Mzee Nyati aliutazama ufagio kama mtu anayetazama pilau siku ya mfungo, kisha anaugeukia ukuta. Kifaru alipopita akacheka, akauliza kama mwenye nyumba amehama. Mzee Nyati akajibu kwa utulivu kwamba ana msafiri njiani.

Bi Sange alikuwa ameshajifungua mapacha, na aliyasikia yote. Alimsikia pia mzee wa watu akimwombea: Mungu amfikishe yule mwanamke, miguu yake ni midogo. Machozi yakamtoka. Alikuwa salama kwa wema wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimdanganya, na shukrani ile ilimchoma.

Uwanja nao ukabadilika. Nyenje wakahamia. Nyasi zikaota, vipepeo wakaja, na ndege wakawafuata wadudu. Walipouona mgongo wa Mzee Nyati uliojaa kupe, wakatua hapo, do, do, do, wakala mpaka wakashiba. Mzee Nyati alikuwa hajalala bila kujikuna tangu ujana wake; usiku ule akalala fofofo. Na masika yalipofika, mvua ilinyesha kwa nguvu, maji yakazama chini ya majani, wala halikuingia tone chumbani.

Asubuhi baada ya mvua hiyo Mzee Nyati akatoka kujinyoosha. Akainua mguu ashuke ngazi. Chini ya kwato kulikuwa na kitoto cha sange, kimeganda kwa woga.

"Mzee, usikanyage! Ni mwanangu!"

Bi Sange akachomoka kwenye majani, akajitupa mbele ya mwanawe. Mzee Nyati akaurudisha mguu taratibu, akainama kumtazama.

"Binti yangu. Si ulikuwa safarini?"

"Sikuvuka hata ua wako, Mzee. Nilikudanganya. Sikuwa na pengine pa kuzalia. Umenilea mimi na wanangu bila kujua, na sina cha kukulipa ila kukuambia kweli. Nisamehe."

Mzee Nyati akaingia ndani, akatoka na ufagio. Bi Sange akawakumbatia wanawe, akafumba macho. Juu ya mkungu ndege walikuwa wakiimba, na nyenje wakajibu chini.

"Nikuulize," alisema Mzee Nyati. "Huko kwa shangazi yako, umeshafika?"

Bi Sange akafumbua macho. "Bado, Mzee."

"Basi ahsante sana. Usifike."

Akauvunja ufagio, akazilaza njukuti zake juu ya majani, watoto wapate kitanda kikavu.

Nami hadithi yangu naiacha hapo uwanjani, na funzo lake ni hili: mwenye kuwaachia wadogo nafasi nyumbani kwake, naye hupata nafuu humo humo.